Fuata Majina: Namna ya Kusoma Wasifu wa Mwanamke Mashuhuri na Kujitazama Mwenyewe

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kusoma maisha ya mwanamke mashuhuri na, kwa kupitia maisha hayo, ajiulize yeye mwenyewe ni nani. Njia ninayoipendekeza ni nyembamba kwa makusudi: badala ya kuyaandama mafanikio ya mhusika, fuata majina yake. Tazama aliitwaje, nani alimwita hivyo, wapi na lini, na yeye alilifanyia nini kila jina alilopewa. Mafanikio humfanya msomaji ajipime na mtu asiyeweza kufanana naye, ilhali kila mmoja wetu amewahi kuitwa jina akalipokea, akalivumilia au akalikataa. Hapo ndipo mimi na mwanamke aliyepata Tuzo ya Nobel tunapoweza kukaa mkeka mmoja.

Njia hii niliipata benchini hapa Dodoma, nilipokuwa nafuatilia kitambulisho cha Taifa. Jina lililo katika cheti changu cha kuzaliwa na lile la cheti cha kidato cha nne yalitofautiana kwa herufi moja, ikanilazimu kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba mwenye vyeti vyote viwili ni mimi. Mkobani nilikuwa na Wasifu wa Siti Binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert kuhusu mwimbaji wa taarabu wa Unguja, na wakati nikingoja zamu yangu nikaona kwamba maisha yale yote yanaweza kusomwa kama safari ya mtu kutoka jina moja kwenda jingine. Nikajihesabia yangu. Shuleni ninakofundisha mimi ni Mwalimu. Mtaani Nkuhungu mimi ni mama wa mtoto wangu wa kwanza. Kanisani ninalo jina la ubatizo. Na nyumbani Mpwapwa, shangazi zangu wakishanisalimu kwa "mbukwa", huniita jina la Kigogo ambalo halimo katika cheti chochote. Wakili aliniapisha kuhusu herufi moja, na kuhusu hayo mengine hakuna aliyeniuliza.

Kabla ya kuchagua kitabu, tofautisha wasifu na tawasifu. Wasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni maisha aliyoyaandika mwenyewe. Tofauti hii huonekana ndogo, lakini kwa kazi yetu ni kubwa, kwa sababu katika wasifu mwandishi ndiye anayechagua jina la kumwitia mhusika tangu jaladani hadi ukurasa wa mwisho, na katika tawasifu mhusika huchagua mwenyewe, hata pale anapochagua kujificha. Nashauri usome walau kimoja cha kila aina. Nashauri pia usichague wanawake unaowapenda tu: chukua mmoja wa karibu nawe kwa lugha au kwa nchi, mmoja wa mbali, na mmoja ambaye uamuzi wake fulani unakukera. Huyo wa tatu ndiye atakayekufundisha zaidi kuhusu nafsi yako, maana kinachotukera kwa mtu aliyekwisha kufa mara nyingi hakimhusu yeye. Vitabu hivi hupatikana katika Maktaba ya Mkoa, kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao chini kando ya barabara, na mara nyingi zaidi katika kabati la mtu aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiswahili.

Vitabu vingi vya namna hii viko kwa Kiingereza. Visome, lakini andika maelezo yako kwa Kiswahili, au kwa Kigogo, Kirangi au lugha yoyote uliyolelewa nayo. Sababu yangu haitokani na uzalendo. Kiswahili kinatupa maneno matatu mahali ambapo msomaji mwenye haraka huona jambo moja. Utambulisho ni kile unachokionyesha ili watu wakujue, ndiyo maana kitambulisho hubebwa mfukoni. Asili ni kule ulikotoka, ambako hukuchagua. Nafsi ni yule unayebaki naye taa ikizimwa. Mtu anaweza kuwa na utambulisho ulio sawa kabisa na nafsi iliyovurugika, au akajua asili yake vizuri na bado asijue afanye nini nayo. Ukiyaweka maneno haya matatu karibu, maswali yako yatakuwa makali zaidi kuliko swali moja la jumla linaloulizwa kila mahali.

Sasa usomaji wenyewe. Mara ya kwanza soma bila kalamu, kwa mwendo wa kawaida, ukijiruhusu kucheka na kuhuzunika kama msomaji wa hadithi. Mara ya pili chukua kaunta buku, fungua kurasa mbili zinazotazamana, na chora safu nne: jina, aliyelitoa, mahali na mwaka, na safu ya mwisho, ambayo ndiyo yenye kazi, mhusika alilifanyia nini. Hesabu kila jina: la kuzaliwa, la dini, la ndoa, la cheo, la utani, hata la matusi. Usiharakishe kuijaza safu ya nne. Iache tupu mpaka uwe na ukurasa unaoweza kuuonyesha kwa kidole.

Chukua mfano wa Siti binti Saad, maana kwake majina yako wazi. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezini na ya mama yake Uziguani, jambo ambalo msomaji wa huku kwetu hapaswi kulipita haraka, kwa kuwa njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Bagamoyo ilikatiza Ugogo na Mpwapwa ilikuwa kituo chake. Alifinyanga vyungu na kuviuza, akahamia mjini, akajifunza kuimba, na jina alilojulikana nalo likawa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akiwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alifariki mwaka 1950.

Ukiishia hapo, safu zako zitaonyesha mtu aliyepanda kutoka Mtumwa hadi Siti, nawe utafunga kitabu kwa furaha nyepesi. Rudi nyuma. Wapo waliomtungia wimbo wa kumkejeli, wakauliza amekuwa mtu tangu lini, wakamkumbusha kwamba alikuja mjini akiwa amevaa kaniki, nguo nyeusi ya watu wa hali ya chini, na kwamba kama si sauti yake asingekuwa na cha kula. Naye alijibu kwa wimbo, akisema kwa maneno yake kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Kejeli ile nayo ni jina, ingawa haikuandikwa kama jina, na lazima iingie katika safu ya kwanza. Iangalie vizuri: swali la "amekuwa mtu lini" linadai kwamba utu hutolewa na watu wa mjini kwa tarehe maalumu. Yeye hakujibu kwa kutaja tarehe, wala hakukana kaniki. Alikataa kipimo chenyewe. Hapo safu ya nne inapata maandishi yake ya kwanza yenye uzito, na hapo ndipo unapoweza kuinua macho na kujiuliza ni nani aliyewahi kukuuliza swali hilohilo kwa maneno mengine, na wewe ulikana kaniki au ulikataa kipimo.

Mimi nilikana. Nilipofika chuoni na kuulizwa natoka wapi, kwa miaka miwili nilijibu "Dodoma mjini", kwa sababu nilichoka na mzaha wa kuombaomba unaowafuata Wagogo kila waendako. Niliandika hivyo katika kaunta buku yangu, mstari uleule, na ilikuwa aibu yenye manufaa.

Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, ni mfano wa namna nyingine, na tawasifu yake, iliyotoka mwaka 2006, inafaa sana kwa zoezi hili kwa sababu yeye mwenyewe anajua kwamba majina yana habari. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, akabatizwa Miriam. Alipokuwa mwanafunzi akaingia Ukatoliki na kuchukua jina la Mary Josephine, ndiyo maana wenzake walimwita Mary Jo, na kwa jina hilo akaenda kusoma Marekani. Aliporudi Kenya mwaka 1966 aliyaweka kando majina ya Kizungu, akawa Wangari Muta, yaani jina lake la kuzaliwa na la baba yake. Akaolewa, akawa Wangari Mathai. Ndoa ilipovunjika na mume akataka aache kulitumia jina lake, hakurudi nyuma wala hakuendelea kama zamani: aliongeza herufi moja, akawa Maathai. Kwa jina hilo lenye herufi ya ziada alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Mimi niliyewahi kula kiapo kwa ajili ya herufi moja nilisimama hapo kwa muda mrefu. Herufi yangu ilikuwa kosa la karani, yake ilikuwa jibu. Lakini nakuonya usilifanye jambo hili kuwa methali. Liandike kama lilivyo: aliombwa aache jina, akalibadili akabaki nalo, na watoto wake watatu walikuwa na jina la baba yao. Kisha jiulize swali dogo linaloweza kujibiwa: kati ya majina yangu, ni lipi nililolipata kupitia mtu mwingine na ambalo leo nimelifanyia kazi kiasi kwamba ni langu pia? Walioolewa, walioachika na wajane watakuwa na la kusema hapo, na wasioolewa pia, maana hata jina la baba ni la kupewa.

Baada ya majina, sikiliza ukimya. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, jambo ambalo msichana wa nyumba yake hakutarajiwa kulifanya. Mwaka 1866 alitoroka kisiwani, mwaka uliofuata akabatizwa Aden kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Miaka michache baadaye mume alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akabaki ugenini na watoto wadogo. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, akieleza kwamba mwanzoni aliziandika kwa ajili ya watoto wake. Katika kumbukumbu hizo anaeleza kirefu mavazi, sikukuu, malezi na mapishi ya jumba la kifalme, lakini kuhusu kuondoka kwake ni mfupi, na hasemi kwamba aliondoka akiwa mjamzito. Usimhukumu kwa hilo. Chora mstari mwekundu pale anapofupisha, na uandike pembeni: mtu huyu, kwa mtoto wake, aliona hili lisisemwe. Zoezi la kujitazama linalotokana na ukimya ni gumu kuliko lile la majina, nami hulifanya kwa sentensi moja tu kwa jioni, ambayo naweza kuichana asubuhi.

Salme ndiye aliyekuwa mwanamke wangu wa tatu, yule wa kunikera, kwa maana nilimwona ameacha kila kitu kwa ajili ya mtu mmoja. Nilipomaliza safu zake niligundua kwamba kilichonikera ni kwamba hakuacha kila kitu: alibaki na jina la Salme ndani ya jina la Emily kwa zaidi ya nusu karne, hadi alipofariki Jena mwaka 1924, na mimi nilitaka achague.

Uliza pia nani anasimulia. Shaaban Robert alikuwa mwanamume na mshairi mwenye kupenda kufundisha maadili, na kwa hiyo Siti tunayempata kwake ni Siti mwenye mafunzo. Hilo si kosa, ila lijue. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi katika kundi la ngoma la lelemama Dar es Salaam kabla ya kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kuanzia mwaka 1955, hakuacha kitabu alichokiandika mwenyewe. Sehemu kubwa ya simulizi yake kwa sauti yake ilirekodiwa na mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wa TANU na kuchapisha kazi yake mwaka 1997. Msomaji anayefuata majina atakuta hapa jambo ambalo hakulikuta kwa wengine: jina linaloharibiwa hadharani, kisha likarudishiwa heshima. Alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini, akaachiwa mwaka 1972, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Katika safu ya pili, ya aliyelitoa jina, itakubidi uandike neno moja mara mbili: Serikali.

Wapo wanawake ambao huna kitabu chao, lakini maneno yao yamehifadhiwa. Sisi tunaoishi Dodoma tuna bahati ya kipekee katika hili. Anna Makinda aliongoza Bunge hapa kuanzia mwaka 2010 hadi 2015 akiwa Spika wa kwanza mwanamke nchini, na Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge zinasomeka katika tovuti ya Bunge. Chukua siku moja tu ya kikao, hesabu ni mara ngapi anaitwa kwa cheo, kisha nenda sokoni Majengo usikilize anavyotajwa: Mama Makinda. Gertrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 na baadaye Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, aliitwa Mama Beijing. Neno "mama" katika siasa zetu ni mwavuli: humkinga mwanamke na matusi ambayo angetupiwa akiwa na cheo kitupu, na wakati huohuo humtaka awe mpole hata anapopaswa kukata shauri. Mimi nalipenda na linanichosha, na sioni sababu ya kuchagua.

Ukishamaliza safu za mtu mmoja, geuza kaunta buku upande wa nyuma na ujichoree safu zilezile. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka kwa kisingizio kwamba maisha yao hayana cha kuandika. Anza na cheti cha kuzaliwa, kisha jina la shuleni, la nyumbani, la mtaani, la kazini, na lile ulilojiita kwa siri ukiwa na miaka kumi na mbili. Karibu na kila jina andika neno moja kati ya yale matatu: utambulisho, asili au nafsi. Ukiona neno nafsi halijatokea hata mara moja, usitishike. Kwangu lilitokea mwezi wa pili wa kuandika, na lilitokea kando ya jina nililokuwa nimelidharau.

Safu ya pili haitajazwa bila wazee. Usiende kwa bibi na daftari wazi kama mtu wa sensa. Nenda msimu wa kiangazi, mavuno yakiwa yameingia, kaa naye mkipukuchua mahindi au mkimenya karanga, na uulize jambo moja: "Bibi, kabla hujaolewa walikuwa wanakuitaje?" Kwa kawaida mzee akiulizwa kuhusu jina lake mwenyewe husimulia na la kwako bila kuombwa. Niliambiwa kwa njia hiyo kwamba jina langu la Kigogo lilikuwa la dada yake babu, mpiga ngoma ya muheme, aliyekuwa akiibana ngoma kati ya magoti na kuwaongoza wanawake wenzake, na kwamba baba yangu hakuliandika katika cheti kwa kuwa aliyekuwa anajaza fomu alitaka jina "la kueleweka". Ukipewa habari kama hiyo, usiiandike mbele yake. Iandike usiku huohuo, kwa maneno aliyoyatumia.

Kusoma pamoja kunasaidia mradi kundi liwe dogo. Sisi tuko wanne, tunaonana Jumamosi moja kila mwezi baada ya kikao cha vikoba, kila mmoja akiwa na kitabu chake. Tunasomeana safu za mwanamke aliye kitabuni. Safu za nyuma ya daftari hazisomwi ila mwenyewe akitaka, na akizisoma hakuna anayeshauri. Kanuni hii tuliiweka baada ya mmoja wetu kupewa ushauri mwingi wa ndoa ambao hakuuomba, akakosa vikao viwili.

Baada ya mwaka mmoja rudia kitabu cha kwanza, ukitumia wino wa rangi nyingine. Nilipomrudia Siti nilikuta kwamba mbele ya jina la Mtumwa, katika safu ya nne, nilikuwa nimeandika "alilikataa". Nilitafuta ukurasa wa kuuonyesha kwa kidole, sikuupata, nikalifuta neno hilo na kuandika "sijui". Kisha nikageuza daftari, nikatafuta jina langu la ubatizo, ambalo mbele yake nilikuwa nimeandika "nililipokea", nikafanya vivyo hivyo.